Namna ya Kuzalisha Mawese Yenye Mzigo Mdogo wa Gesijoto: Mwongozo kwa Wakulima na Wakamuaji wa Kigoma

Mkoa wa Kigoma umelima michikichi kwa vizazi kadhaa, na tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kampeni ya kulifufua zao hilo, mashamba mapya yamekuwa yakifunguliwa katika wilaya za Kigoma, Uvinza, Kasulu, Buhigwe na kwingineko. Sababu yake inaeleweka kwa kila anayenunua mafuta dukani: sehemu kubwa ya mafuta ya kula yanayotumika Tanzania huagizwa kutoka nje, na mengi kati ya hayo ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Nchi hizo mbili huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani, na yaliyozipata yanatuonyesha kwa pamoja faida ya zao hili na gharama yake kwa misitu, kwa ardhi na kwa hali ya hewa.

Mchikichi wenyewe hauna kosa. Kwa wastani wa dunia, hekta moja ya michikichi hutoa takriban tani tatu na nusu za mafuta kwa mwaka, ilhali hekta ya soya hutoa kama nusu tani tu na ya alizeti haifiki tani moja. Kwa hiyo kiasi kilekile cha mafuta huhitaji ardhi ndogo zaidi kinapotoka kwenye mchikichi. Madhara huanzia mahali mti ulipopandwa na namna mafuta yake yanavyotolewa, na hapo ndipo ulipo msingi wa mwongozo huu: sehemu kubwa ya mzigo wa gesijoto ulio ndani ya lita moja ya mawese huamuliwa katika nafasi mbili, yaani siku shamba linapochaguliwa na siku machikichi yanapowekwa motoni. Mambo mengine yote, kuanzia mbolea hadi usafirishaji, yana uzito wake, lakini hayawezi kufidia kosa lililofanyika katika nafasi hizo mbili.

Gesi tatu zinazohesabiwa

Mzigo wa gesijoto ni jumla ya gesi zinazoongeza joto la dunia zilizotolewa ili kupata kiasi fulani cha bidhaa. Kwa mawese tunahesabu kwa kila tani moja ya mafuta. Gesi ya kwanza ni hewa ukaa, inayotoka miti inapokatwa na kuchomwa, udongo wenye mboji unapokauka, na dizeli inapoungua. Ya pili ni methani, inayotokea maji taka ya ukamuaji yanapooza mahali pasipo na hewa. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 27 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Ya tatu ni oksidi ya nitrasi, inayotoka kwenye udongo uliowekwa mbolea ya naitrojeni, nayo ina nguvu ya takriban mara 273. Ili kuzijumlisha, gesi zote hubadilishwa kuwa kipimo cha hewa ukaa. Tena, kaboni iliyomo katika mti au udongo huzidishwa kwa 3.67 ili kupata hewa ukaa ambayo ingetoka kama kaboni hiyo yote ingeingia hewani. Mkulima hahitaji hesabu zaidi ya hizi.

Kuchagua shamba

Anza kwa kutembea katika ardhi unayoikusudia kabla ya kukata hata tawi moja, na ujiulize ardhi hiyo inashikilia kaboni kiasi gani leo. Michikichi nayo hushikilia kaboni katika shina, makuti na mizizi. Kwa wastani wa maisha yote ya shamba, kuanzia miche midogo hadi miti mizee ya miaka 25, makadirio ya kawaida ni takriban tani 35 za kaboni kwa hekta. Linganisha kiasi hicho na kilichokuwapo kabla.

Tuchukue mfano wa hekta moja ya msitu wa kando ya mto wenye tani 100 za kaboni. Ukiukata na kupanda michikichi, unapoteza tani 65, ambazo ni sawa na takriban tani 239 za hewa ukaa. Ukiligawa deni hilo kwa miaka 25, kila mwaka linakuwa tani tisa na nusu, na shamba likikupa tani mbili za mafuta kwa mwaka, basi kila tani ya mafuta inazaliwa ikiwa na deni la karibu tani tano za hewa ukaa kabla hujanunua mfuko wa mbolea wala kuwasha moto. Sasa chukua hekta ya shamba lililochoka, lililobakiwa na majani na vichaka vyenye kaboni ya tani tano. Hapo michikichi inaongeza tani 30 za kaboni, yaani inavuta takriban tani 110 za hewa ukaa kutoka angani, ambazo kwa miaka 25 ni zaidi ya tani nne kila mwaka. Tofauti ya mashamba hayo mawili ni karibu tani 14 kwa hekta kwa mwaka. Hakuna mbolea, mashine wala cheti kinachoweza kuleta tofauti ya ukubwa huo. Kumbuka pia kwamba faida ya shamba la pili huhesabiwa mara moja tu, kwa sababu miti mizee ikiondolewa na mipya kupandwa, kaboni inarudia kiwango kilekile cha wastani na haiongezeki tena.

Baadhi ya wasomaji wataona kwamba miombo mikavu inaweza kuwa na kaboni inayokaribiana na ya michikichi, wakauliza kwa nini basi isikatwe. Swali ni la haki, na jibu ni kwamba hesabu ya hewa ukaa haibebi kila kitu. Miombo ya Masito na Ugalla, pamoja na misitu ya mabondeni iliyomo ndani yake, ni makazi ya sokwe, na sokwe wa Gombe, hifadhi yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 35 tu, wanahitaji njia za kuwafikia wenzao walioko nje ya hifadhi. Miombo hiyo pia hulinda chemchemi zinazolisha mito inayoshuka Ziwa Tanganyika. Shamba linaweza kuonekana halina hasara katika daftari la kaboni huku likikausha kijito cha kijiji kizima. Kwa maoni yangu, kijiji chenye ardhi iliyochoka hakina sababu yoyote ya kugusa msitu uliosimama kwa ajili ya michikichi.

Kipimo rahisi cha shambani ni hiki: ukikuta miti iliyosongamana yenye unene wa sentimita 10 au zaidi katika usawa wa kifua, ihesabu ardhi hiyo kuwa msitu na uiache. Ukikuta majani, vichaka, mihogo ya zamani au michikichi mizee ya asili, hapo pana nafasi. Kisha nenda ofisi ya kijiji ukaangalie mpango wa matumizi bora ya ardhi, kwa sababu eneo linaloonekana kuwa pori tu linaweza kuwa limetengwa kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji.

Mabonde yanahitaji uangalifu wa pekee, na hapa Kigoma ndipo kishawishi kilipo kikubwa. Mchikichi hupenda mvua ya kama milimita 2,000 iliyosambaa mwaka mzima, ilhali Kigoma hupata kama nusu ya kiasi hicho na ina kiangazi cha miezi kadhaa kuanzia katikati ya mwaka. Ndiyo maana wazee walipanda kandokando ya mito na mabondeni, ambako unyevu hubaki. Mchikichi mmoja mmoja ulioota kando ya kijito haudhuru sana. Kinachodhuru ni kuchimba mitaro ili kukausha tindiga na kulifanya shamba. Udongo mweusi wa matindiga na wa maeneo ya mafunjo umehifadhi mabaki ya mimea kwa miaka mingi kwa sababu maji yaliyazuia yasioze. Maji yakiondolewa, mabaki hayo huoza na kutoa hewa ukaa mwaka hadi mwaka. Katika ardhi ya mboji nzito ya nchi za tropiki iliyokaushwa kwa ajili ya michikichi, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi linakadiria kwamba hekta moja hutoa takriban tani 40 za hewa ukaa kila mwaka. Indonesia iliona matokeo yake mwaka 2015, pale ardhi na misitu ya Sumatra na Kalimantan, ikiwamo ardhi ya mboji iliyokuwa imekaushwa, ilipoungua kwa miezi na zaidi ya hekta milioni mbili na nusu zikateketea, moshi ukafika hadi Singapore na Malaysia. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, halipaswi kuchimbwa mitaro kwa ajili ya zao lolote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa pale zinapoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Pima mita hizo kwa kamba, weka alama, na uache uoto wa asili ukae.

Majirani zetu wa Uganda wana mfano ulio karibu zaidi kuliko Asia. Katika kisiwa cha Bugala, wilayani Kalangala, ndani ya Ziwa Viktoria, mashamba makubwa ya michikichi yalianzishwa katikati ya miaka ya 2000, yakaleta barabara, kiwanda na kipato kwa wakulima wadogo, lakini sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa hicho ikaondoka. Anayepanga shamba jipya Uvinza leo anayo nafasi ya kupata faida hizo bila kulipa bei ile.

Mbegu inahusikaje na hewa ukaa

Kwa kuwa mzigo huhesabiwa kwa tani ya mafuta, kila kinachoongeza mafuta kutoka kwenye ardhi ileile kinaupunguza. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni aina ya Dura, yenye kifuu kinene na nyama kidogo. Aina ya Tenera hupatikana kwa kuchavusha Dura kwa Pisifera, mchikichi usio na kifuu, nayo huwa na kifuu chembamba na nyama nyingi. Siri hiyo ya urithi iligunduliwa na watafiti Beirnaert na Vanderweyen katika kituo cha Yangambi, nchini Kongo, na kuchapishwa mwaka 1941. Mashamba yote ya kisasa ya Asia yamejengwa juu ya ugunduzi huo uliofanyika Afrika.

Jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi ni kwamba mbegu zilizookotwa chini ya Tenera haziwi Tenera zote. Tenera zikichavushana, takriban robo ya watoto huwa Dura, nusu huwa Tenera na robo huwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haizai matunda ya maana. Mkulima aliyepanda mbegu hizo atatunza kwa miaka mingi miti ambayo robo yake haitamlipa kitu, huku ardhi, maji na mbolea vikitumika palepale. Chukua miche kutoka kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) au kitalu kinachotambuliwa nacho, na usikubali mche usiojulikana ulikotoka hata ukipewa bure. Mche mzuri hukaa kitaluni takriban mwaka mmoja kabla ya kupelekwa shambani.

Panda mwanzoni mwa mvua, ili mizizi ipate msimu mzima kabla ya kiangazi cha kwanza. Nafasi ya mita tisa kati ya mche na mche, kwa mpangilio wa pembetatu, huingiza miche 143 kwa hekta, yaani kama 58 kwa ekari. Usiibane zaidi ya hapo kwa tamaa, kwa sababu michikichi inayonyimwa mwanga hurefuka haraka na kuzaa kidogo.

Matunzo ya shamba bila moto

Usafishaji wa shamba kwa moto ni mwepisi na wa bei nafuu, na ndiyo sababu ni mgumu kuuacha. Lakini moto hutoa kwa saa moja kaboni ambayo ingekuwa chakula cha udongo kwa miaka, na huondoa naitrojeni ambayo baadaye utainunua kwenye mfuko. Fyeka, kisha panga mabaki katika mistari kati ya safu za miche. Kata ukanda wa wazi kuzunguka shamba kabla ya kiangazi, kwa kuwa mioto mingi inayounguza michikichi michanga huanzia kwa jirani au porini.

Katika miaka mitatu ya mwanzo, kabla makuti hayajafunga mwanga, panda maharage au karanga katikati ya safu. Mazao haya hukupa chakula na fedha wakati unasubiri, na mizizi yake huongeza naitrojeni ardhini. Mahindi yanafaa kwa msimu wa kwanza, mradi yasisogee karibu na mche. Mihogo siipendekezi, kwa kuwa hunyonya potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo kirutubisho ambacho mchikichi hukihitaji kuliko kingine. Baadaye funika ardhi kwa mimea jamii ya mikunde inayotambaa. Makuti unayopogoa yasichomwe wala kutolewa shambani. Yalaze kati ya safu, yakiwa yamekata mteremko ili yazuie maji yasikimbie. Katika mkoa wenye kiangazi kirefu kama Kigoma, tabaka hilo la makuti na mikungu mitupu iliyorudishwa kutoka kiwandani huufanya udongo ushike unyevu, na hivyo humpa mkulima wa mlimani sehemu ya kile alichokuwa akikifuata bondeni.

Kuhusu mbolea ya viwandani, simwambii mkulima aiache, kwa sababu michikichi yenye njaa hutoa mafuta kidogo na mzigo wa kila tani hupanda. Namwambia aijue gharama yake. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukishawekwa ardhini hutoa gesi zenye uzito wa takriban kilo 135 za hewa ukaa, na hapo hatujahesabu zilizotoka kiwandani ulipotengenezwa. Gawa mbolea mara mbili au tatu ndani ya msimu wa mvua, iweke pale makuti yanapotupa kivuli badala ya kuirundika shinani, na usiiweke siku inayotarajiwa mvua kubwa. Majivu ya makapi na ya mikungu yana potasiamu nyingi na hayagharimu kitu.

Kuvuna

Vuna kila baada ya siku 10 hadi 14. Mkungu umeiva pale machikichi machache yanapoanza kudondoka yenyewe. Ukiukata kabla ya hapo unapoteza mafuta, na ukiuchelewesha asidi huongezeka. Okota machikichi yaliyodondoka, kwa sababu ndiyo yenye mafuta mengi zaidi. Desturi ya kulundika mikungu kwa siku kadhaa ili machikichi yang’oke kwa urahisi hupunguza ubora, na mafuta yenye asidi nyingi hupoteza zaidi yanaposafishwa. Jitahidi mikungu ifike jikoni ndani ya siku moja, au mbili kwa kuchelewa sana.

Jiko na maji taka

Hapa ndipo mkamuaji mdogo ana nguvu kubwa kuliko anavyofikiri. Katika mashine nyingi za vijijini machikichi huchemshwa ndani ya mapipa juu ya mafiga matatu, kwa kuni, na baada ya kukamuliwa mafuta huchemshwa tena ili maji yatoke. Kilo moja ya kuni zilizokauka hutoa takriban kilo 1.75 za hewa ukaa. Kama kuni hizo zinatoka kwenye miti iliyopandwa na inayochipua tena, hewa hiyo hurudi mtini na haihesabiwi kama mzigo. Kama zinatoka kwenye miombo inayozidi kurudi nyuma kila mwaka, zihesabu zote.

Dawa ya tatizo hilo imelala nje ya banda la mashine yenyewe. Katika kila kilo 100 za mikungu ya Tenera hubaki takriban kilo 22 za mikungu mitupu, kilo 13 za makapi ya nyuzi na kilo sita za vifuu; Dura hutoa vifuu vingi zaidi. Viwanda vikubwa huendesha matanuri yao ya mvuke kwa makapi na vifuu pekee, na mara nyingi hubakiwa na ziada. Mkamuaji wa kijijini anaweza kufuata njia hiyohiyo kwa hatua tatu. Kwanza, jenga jiko lililozungukwa na ukuta wa matofali ya kuchoma na udongo, lenye mlango mdogo wa kulishia, tundu la hewa chini, nondo za kubebea moto na bomba la moshi. Pipa lizame ndani ya jiko hadi karibu nusu ya kimo chake badala ya kukaa juu ya miali inayopeperushwa na upepo. Pili, anika makapi juani na uyahifadhi chini ya paa, maana makapi mabichi hutoa moshi mwingi na joto dogo. Tatu, changanya makapi na vifuu: makapi huwaka haraka, vifuu hushika moto mkali kwa muda mrefu. Funika pipa kwa mfuniko mzito wakati wote wa kuchemsha. Kuni zibaki kwa ajili ya kuwashia tu. Wanaouza vifuu kwa bei ndogo na kisha kununua kuni kwa bei kubwa wangefanya vyema kupiga hesabu upya.

Usiache mafuta ndani ya makapi. Mtambo uliolegea huacha sehemu kubwa ya mafuta katika nyuzi, na kila lita inayoungua jikoni badala ya kuingia kwenye dumu huongeza mzigo wa lita zilizobaki. Kiwanda kizuri hupata kilo 20 hadi 23 za mafuta katika kilo 100 za mikungu ya Tenera. Pima chako, na kama uko chini sana, fedha ya kwanza ya kikundi iende kwenye mtambo bora wa kukamulia. Mise, yaani kokwa za machikichi, nazo zikusanywe, zikaushwe na zipasuliwe, kwa kuwa mafuta yake hutengenezea sabuni na mashudu yake hulisha mifugo. Bidhaa nyingi zaidi kutoka mkungu uleule hugawana mzigo uleule.

Maji taka ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Maji ya kahawia yanayobaki baada ya mafuta kuenguliwa yana mabaki mengi ya mimea na mafuta. Yakimwagwa kijitoni huwanyima samaki hewa. Yakikusanywa katika shimo refu na kuachwa, huoza bila hewa na kutoa methani. Tani moja ya maji hayo inaweza kutoa kama mita za ujazo 28 za gesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, na ikiachwa ipotee hewani inalingana na takriban kilo 320 za hewa ukaa. Mkamuaji ana njia mbili. Mwenye kazi ndogo ayachukue kila siku yakiwa mapya na kuyanyunyizia juu ya lundo la mikungu mitupu iliyokatwakatwa, lundo ambalo hugeuzwa kila wiki ili lipate hewa. Baada ya miezi michache huwa mboji ya kurudishwa shambani. Lundo likae mbali na kisima na mto. Kikundi chenye kazi kubwa ya mwaka mzima kijenge mtambo wa gesi uliofunikwa, na gesi yake iwashwe chini ya mapipa, hivyo methani inazuiwa na kuni zinaokolewa kwa wakati mmoja. Shimo refu la wazi lisiwepo kabisa.

Daftari la hesabu

Nunua daftari moja, na kila siku ya kukamua andika uzito wa mikungu iliyoingia, lita za mafuta yaliyotoka, kilo za kuni, lita za dizeli, na maji taka yalikokwenda. Mwenye shamba aongeze mifuko ya mbolea. Mwisho wa msimu zidisha: kuni za porini kwa 1.75, dizeli kwa kilo 2.7 kwa lita, mfuko wa urea kwa kilo 135, na maji taka ya shimoni kwa kilo 320 kwa tani.

Nitatoa mfano wa kubuni ili njia ionekane. Kikundi kimekamua tani 10 za mafuta kwa kutumia tani 20 za kuni za porini, lita 600 za dizeli na mifuko 20 ya urea, na tani 15 za maji taka zimeingia shimoni. Kuni zinaleta tani 35 za hewa ukaa, dizeli tani 1.6, urea tani 2.7 na maji taka tani 4.8. Jumla ni tani 44, yaani tani 4.4 kwa kila tani ya mafuta, na karibu asilimia 80 yake ni kuni. Kikundi hicho kikibadilisha jiko na kutumia makapi na vifuu, kuni zikashuka hadi tani tano, na maji taka yakaenda kwenye mboji, jumla inashuka hadi karibu tani 13, ambayo ni chini ya theluthi ya ile ya mwanzo, bila kugusa dizeli wala mbolea. Kisha ongeza au punguza kile ulichopata katika hesabu ya ardhi. Ukiona deni la ardhi ni kubwa, jua kwamba jiko bora limeokoa sehemu tu.

Cheti

Kuna mifumo ya kimataifa inayothibitisha mawese endelevu, na maarufu kuliko yote ni RSPO, ulioanzishwa mwaka 2004, ambao hauruhusu upandaji mpya katika ardhi ya mboji nzito tangu Novemba 2018 na una kanuni za pekee kwa wakulima wadogo wanaojiunga kwa vikundi. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria inayokataa mawese yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Mawese ya Kigoma huliwa zaidi hapahapa nchini na kwa majirani, kwa hiyo cheti si jambo la kuanza nalo, na ada zake zinaweza kumlemea mkulima wa ekari mbili. Hata hivyo, chukua leo kwa simu alama za mipaka ya shamba lako, piga picha ya hali yake kabla ya kupanda, na uhifadhi risiti za miche. Kumbukumbu hizo haziwezi kutengenezwa baadaye.

Miti inapozeeka

Mashamba mengi ya Kigoma yamepita umri wa miaka 25 hadi 30, ambao ndio wa kubadilisha miti, na hapa ndipo tani nyingi za mafuta zinaweza kupatikana bila kufungua ardhi mpya hata kidogo. Usibadilishe shamba lote kwa mwaka mmoja, maana familia itakosa kipato kwa takriban miaka mitatu. Gawa katika sehemu tatu, uanze na ile inayozaa kidogo zaidi. Angusha miti mizee, katakata mashina vipande vyembamba na uvitandaze, usivichome. Mashina yaliyoachwa mazima huwa mazalio ya mdudu chonga, ambaye atatoboa miche yako mipya. Ndiyo maana vipande viwe vyembamba ili vikauke na kuoza upesi, na mikunde inayotambaa ipandwe mapema ili ifunike mabaki hayo kabla chonga hajayafikia. Miche ya Tenera iwe tayari kitaluni mwaka mmoja kabla ya kuangusha mti wa kwanza.